Rangi na Nakshi

Katika Mji Mkongwe wa Unguja, na kadhalika katika vichochoro vya Lamu, ipo milango ambayo mpita njia mwenye haraka huiona kuwa ni milango tu, na mwenye nafasi husimama mbele yake kama msomaji aliyefungua chuo; maana juu, kwenye kizingiti, aghalabu pamechongwa aya ya Kurani, kwenye miimo yamechongwa maua na minyororo, na katikati, baina ya mbao mbili, umesimama mfaa ulionakshiwa toka juu mpaka chini. Mlango wa namna hiyo ukipakwa rangi leo, kesho waweza kukwanguliwa ukapakwa rangi nyingine, na mwenye nyumba hatakuwa amepoteza kitu isipokuwa rangi. Nakshi haikwanguliki. Mwenye kutaka kuiondoa hana budi kuuondoa mti wenyewe, kwa sababu fundi hakuiweka aya ile juu ya ubao kama mtu awekavyo sahani juu ya meza, bali aliupunguza ubao hapa na kuuacha pale hata ubao ukawa maneno.

Suali lililonikaa moyoni kwa muda mrefu ni kama umbo la usemi wetu ni la namna ya rangi ile au la namna ya nakshi hii. Je, maana ni kitu kilichokamilika peke yake, ambacho lugha hukivika nguo tu kipate kutoka mbele za watu, au maana na umbo huzaliwa kwa pigo moja la patasi? Wanazuoni wamelihangaikia suali hili karne nyingi. Lakini mimi sikurudishwa kwalo na vitabu vyao, nilirudishwa na kazi ya mikono, pale nilipojifunza, tena ukubwani, kuandika msimbo unaozipa kurasa za wavuti sura yake, nikatambua kwamba waliouasisi walikuwa wamekwisha kulijibu suali la wanafalsafa bila ya kulitaja.

Ukurasa wa wavuti, kwa asiyewahi kuutazama kwa ndani, aghalabu hujengwa kwa hati mbili. Hati ya kwanza, iandikwayo kwa HTML, hueleza kila kitu ni nini: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni orodha, hiki ni kiungo cha kwendea mahali pengine. Hati ya pili, iandikwayo kwa CSS, hueleza kila kimoja kionekaneje: vichwa viwe na rangi fulani, aya ziachiwe nafasi fulani pembeni, orodha ianze kwa alama fulani. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika miaka ya awali mtu aliyetaka herufi nyekundu aliuandika wekundu huo ndani ya maandishi yenyewe, kichwa kwa kichwa na aya kwa aya, na siku alipobadili nia alilazimika kuzipitia kurasa zake zote moja moja. Tarehe 10 Oktoba 1994 Håkon Wium Lie, mtu wa Norway aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, mahali pale pale ambapo Tim Berners-Lee alikuwa ameianzisha wavuti, alitoa pendekezo la kutenga sura na matini. Bert Bos wa Uholanzi akaungana naye, na mwezi wa Desemba 1996 toleo la kwanza la CSS likapitishwa rasmi. Mwaka 2003 Dave Shea, mkaazi wa Kanada, aliuweka hadharani ukurasa mmoja akawaalika mafundi wauvishe, kila mmoja kwa mtindo wake, bila ya kuyagusa maandishi wala hati iliyoyabeba. Na maneno yale yale, yasiyoongezwa wala kupunguzwa, yakatokea katika sura zisizofanana hata kidogo, hata mtu angeweza kuapa kwamba ni kurasa za watu mbalimbali.

Hapo mwenye kusema kwamba umbo ni vazi atanyanyuka na kudai ushindi. Nami nakiri kwamba nilipoziona kurasa zile kwa mara ya kwanza nilitikisika, kwani kama maneno yanaweza kuvuliwa na kuvishwa kiasi kile bila ya kupata dosari, basi labda nakshi yote ya lugha, na mapambo ya washairi, na hata sarufi yenyewe, ni kanzu na koti juu ya maana isiyojali imevaa nini.

Lakini aliyeiandika CSS kwa mkono wake ataona upesi kwamba hakushika ndoo ya rangi, ameshika kitabu cha sheria. Kila kanuni humo ina kiteuzi, yaani sehemu itajayo ni nani anayehusika, kisha hukumu yake. Kanuni mbili zikigongana juu ya kitu kimoja, kivinjari hakipigi kura. Hutazama kwanza kila kanuni imetoka kwa nani, kwa maana kivinjari kina kanuni zake, msomaji aweza kuwa na zake, na mwandishi wa ukurasa ana zake. Kisha, zilizotoka kwa mmoja, hutazama ipi iliyo mahususi zaidi. Na zikiwa sawa katika hilo, iliyokuja nyuma huishinda iliyotangulia. Mtu aliyeketi mbele ya mwalimu wa usuli, yaani misingi ya sheria ya Kiislamu, hatashangaa, kwani atakumbuka mlango wa amu na khasi, yaani la jumla na la mahususi, na mlango wa nasikhi na mansukhi, yaani lenye kufuta na lililofutwa, ambayo Imamu Shafii, aliyefariki mwaka 820, aliieleza katika Risala yake. Tena katika madhehebu yake, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, hukumu mahususi huikata hukumu ya jumla hata kama ya jumla imekuja baadaye. Na hivyo ndivyo CSS ifanyavyo, ambayo huutazama umahususi kabla ya kutazama nani aliyetangulia. Sidhani kwamba waliotunga CSS walikuwa wamesoma usuli. Naona tu kwamba akili ya binadamu, ikitaka kanuni nyingi ziishi nyumba moja bila ya kuuana, huifuata njia ile ile.

Na Kiswahili kimekuwa kikiifuata njia hiyo tangu zamani. Tazama ngeli. Nomino iliyoanza kwa ki- huamuru kila kilicho chini yake kivae ki-: kiti kikubwa kimevunjika. Hiyo ndiyo hukumu ya jumla. Lakini kiboko, ambaye jina lake limeanza vivyo hivyo, hatusemi kuwa kikubwa kimeingia mtoni; twasema mkubwa ameingia mtoni, na kifaru mmoja ameuawa, na kipofu huyu amefika, kwa sababu ipo hukumu iliyo mahususi zaidi, kwamba mwenye roho hufuata wenye roho, lolote liwalo vazi la jina lake. Kisha juu ya hukumu hiyo ipo nyingine. Mtu akikusudia kudunisha husema kijitu kile kimekuja tena, na roho ya kijitu hicho, ambayo punde ilikuwa na nguvu ya kuishinda ki-, sasa imeshindwa na nia ya msemaji. Katika CSS pia lipo neno ambalo mwandishi huliambatisha na hukumu yake kusema kwamba hii ni muhimu, ipite nyingine. Na la kufurahisha ni kwamba msomaji mwenye macho dhaifu, akiliandika neno hilo katika kanuni zake mwenyewe ili herufi ziwe kubwa, humshinda mwandishi aliyeliandika katika zake. Walioweka kanuni hiyo walimhurumia msomaji, nami nawaombea kheri kwa hilo.

Sijataja bado yaliyo magumu zaidi. Sema: ndugu zangu wapendwa wamefika. Nomino moja tu imetawala sentensi nzima, nayo imetoa amri mbili: kwa neno la kumiliki imetaka zangu, kana kwamba ndugu ni kama nyumba na nguo, na kwa sifa na kitenzi imetaka wapendwa na wamefika, kwa kuwa ndugu ni watu. Mtoto wa miaka minne wa Mombasa au Tanga hutamka hayo bila ya kukosea, ilhali hajaambiwa kwamba kuna kanuni. Vivyo hivyo katika ukurasa, rangi ya herufi hurithiwa na watoto kutoka kwa mzazi, lakini mpaka uliochorwa kumzunguka mzazi haurithiwi. Yapo yashukayo na yapo yasiyoshuka, kama ilivyo katika mirathi ya watu.

Basi mpaka hapa msimbo na lugha ni ndugu, na undugu wao uko katika sheria. Wanapoachana ni katika uchongaji.

Katika CSS, nikitaka kichwa kiwe chekundu na kiwe kinene, ni mamoja nikiutaja wekundu kwanza au unene kwanza. Hukumu zimepangwa moja chini ya nyingine kama mitungi kwenye rafu, hakuna uliomshika mwenzake. Sasa chukua neno asipomwandikia. Ndani yake mmekaa vipande saba: mtendaji, ukanushi, sharti, mtendewa, mzizi wa kuandika, kauli ya kutendea, na irabu ya kufungia, na hakuna hata kimoja kiwezacho kuhamishwa hatua moja bila ya jengo lote kuporomoka. Zaidi ya hayo, viungo vimepigwa randa. Kile kipande cha mtendewa, kilipokutana na irabu ya andika, hakikubaki m-, kimekuwa mw-, kama vile ki-angu ilivyokuwa changu na vi-ema ilivyokuwa vyema, hata mahali mti ulipounganishwa pasionekane kwa jicho wala pasipapasike kwa kidole. Kazi hii haina misumari. Hufanana na zile sanamu za Wamakonde zinazoitwa ujamaa, ambamo watu wazima na watoto wamepandana na kushikana toka chini hata kileleni, na wote wametoka katika gogo moja la mpingo, asiwepo aliyeletwa kutoka nje akabandikwa.

Na lugha huweza kuyachonga hata yaliyotoka nje. Kitabu kilipotufikia kutoka kwa Waarabu, ki- yake haikuwa kiambishi hata kidogo. Ilikuwa herufi ya kwanza ya mzizi wenye herufi tatu, mzizi ambao Mwarabu huuchonga kwa ndani, akibadili irabu baina ya konsonanti, akapata kitabu, na wingi wake kutubu, na katibu, na maktaba. Sikio la Mswahili lilisikia ki-, likaichukua kuwa ki- yake, likasema vitabu. Na tangu siku hiyo neno hilo likawa linatawala kama lililozaliwa hapa: kitabu changu kile kikubwa kilichopotea kimeonekana. Wachongaji wawili, mti mmoja. Asemaye kwamba hapo maana ilibaki ile ile na kilichobadilika ni nguo, na aniambie: alama ile inayorudi neno kwa neno mpaka mwisho wa sentensi, ikimshika msikilizaji mkono asipotee, iko katika nguo au iko katika mwili?

Abdul-Qahir al-Jurjani, mwanachuoni wa karne ya 11 aliyeishi Jurjan, karibu na bahari ya Kaspi, aliliandikia jambo hili kitabu kizima, Dalail al-Iijaz, akiwajibu wale waliodhani kwamba uzuri wa maneno umo katika lafudhi moja moja, na wale waliodhani kwamba umo katika maana tupu. Yeye alishika kwamba uko katika nadhm, yaani mpango wa maneno kwa namna ambavyo kila moja linamtegemea mwenzake kwa maana za sarufi. Ndiyo sababu neno moja hupendeza mahali hapa na kuchukiza mahali pale, hali ni neno lile lile. Nadhm, kwa asili yake, ni kutia lulu katika uzi. Na sisi, bila ya kwenda Jurjan, twasema kutunga shanga na kutunga shairi kwa kitenzi kimoja, kama kwamba bibi aliyekaa barazani na sindano yake na mshairi aliyekaa na kalamu yake wanafanya kazi isiyo na tofauti.

Najua kwamba hapa nimeikaribia bahari yenye kina. Mwaka 833 Khalifa al-Maamuni aliamuru wanazuoni wajaribiwe kama wanakubali kwamba Kurani imeumbwa, na Imamu Ahmad bin Hanbal, aliyekataa kutamka hivyo, alifungwa, na chini ya khalifa aliyefuata akapigwa mijeledi. Baadaye Abul Hasan al-Ashari na waliomfuata wakapambanua baina ya maneno yaliyo sifa ya dhati ya Mola, yasiyo herufi wala sauti, na lafudhi tunayoitamka kwa ndimi zetu. Sina elimu ya kutia neno katika hilo, wala sithubutu. Lakini wapo waliouchukua upambanuzi huo wakaushusha kwa binadamu, wakasema kwamba sisi nasi tuna usemi wa nafsini, ulio safi, ambao lugha huja baadaye kuutafsiri. Na hapo ndipo ninaposimama. Nimeitazama nafsi yangu usiku, taa imezimwa na hakuna wa kusema naye, nikitafuta fikira moja isiyo na umbo, na kila niliyoikamata nimeikuta ina ngeli. Huzuni niliyoikuta ilikuwa imekwisha kuwa imenishika. Sikukuta huzuni kisha nikaitafutia i-.

Ukurasa wa wavuti nao hutoa ushahidi huo huo. Uondolee hati yake ya CSS yote, usiuachie hata mstari mmoja, kisha uufungue. Watu huita huo ukurasa uchi. Si uchi: vichwa vinaonekana vikubwa na vinene, viungo vina rangi ya samawati na mstari chini yake, orodha zimejongea ndani, kwa sababu kivinjari kina mtindo wake, nacho hukiazima kila kilichokuja bila ya nguo. Uvue na huo, ukiweza; yatabaki maneno, na maneno hayo yamekwisha kuchongwa kabla kompyuta haijawashwa. Ukurasa ule wa mwaka 2003 uliweza kubadilishwa sura kiasi kile kwa kuwa nakshi yake ilikuwa imara chini. Rangi ilikuwa ikitembea juu ya mlango uliokwisha kukamilika.

Kwa hiyo sisemi kwamba rangi haipo, nasema tusizichanganye. Ipo hati ya Utendi wa Tambuka, kazi ya Bwana Mwengo wa Pate, iliyoandikwa mwaka 1728 kwa hati ya Kiarabu, kama tungo zetu zote za zama hizo. Leo twausoma utendi huo kwa hati ya Kirumi, mwelekeo wa jicho umegeuka kutoka kulia kwenda kushoto ukawa kutoka kushoto kwenda kulia, nao ungali ni utendi ule. Hati ilikuwa rangi. Lakini iguse mizani yake. Kila kipande kina mizani nane, na beti zote, toka ya kwanza mpaka ya mwisho, zimefungwa kwa kina kimoja cha bahari. Ongeza silabi moja, au badili kina, na mwenye kuughani atasita papo hapo, wala haitafaa kumwambia kwamba maana imebaki. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipokitoa kitabu chake juu ya jambo hili, mwaka 1954, alikiita Sheria za Kutunga Mashairi, na kwa hakika alilichagua neno sheria akijua analolisema.

Upambanuzi huu una taabu yake katika maisha ya kila siku, nami nimeionja. Niliwahi kupewa kazi ya kuitia programu moja katika Kiswahili. Walioniajiri walikuwa watu wema na wenye haraka. Walinipa jedwali la maneno ya Kiingereza, kila neno katika kisanduku chake, wakataka niandike pembeni la Kiswahili, moja kwa moja, nao wangeyaunganisha huko ndani kwa msimbo. Nilifika kwenye neno la kusema kwamba kitu ni kipya. Nikauliza: kitu gani? Nikaambiwa, chochote. Lakini mtu ni mpya na watu ni wapya, kitabu ni kipya na jambo ni jipya, na mahali ni papya. Hakuna chochote katika Kiswahili kilicho kipya bila ya kuwa kitu fulani. Chini yake lilikuwapo neno la kusema kwamba kitu kimefutwa, na picha imefutwa, ujumbe umefutwa, faili limefutwa, mtumiaji amefutwa. Niliomba nipewe sentensi nzima nzima, nikajibiwa kwamba muda hautoshi. Programu ilitoka, ikawaambia watu kwamba vitabu vyao imefutwa, kwenye vitufe vilivyokatwa kwa kipimo cha maneno mafupi ya Kiingereza hata maneno yetu yakamegwa mkia. Sina kinyongo na mtu. Waliijenga nyumba kwa imani kwamba lugha ni rangi, na kwamba fundi wa rangi huitwa siku ya mwisho.

Watu wengi sasa huanza kukisoma Kiswahili kwenye simu kabla ya kukisoma kitabuni, na sentensi zilizovunjika huko ndizo watakazozizoea watoto wetu. Enyi mnaotengeneza programu hizo, mlio mbali na mlio hapa nyumbani, nawasihi: msitupe maneno. Tupeni sentensi nzima, na mtuonyeshe mahali itakaposimama, na mtuambie ni kitu gani kinachosemwa, kimoja au vingi, chenye roho au kisicho na roho. Tena mtuite siku mnapouchagua mti.